Spika za umemetuli na dai la sabufa

Wapo wanaosema kwamba spika za umemetuli hazina besi, kwa hiyo anayezinunua hana budi kununua na sabufa. Wapo pia wanaoshikilia, kwa ukali uleule, kwamba sabufa yoyote huziharibu. Napinga kauli zote mbili. Mji ninaoupenda kuzipimia ni Durban, kwa kuwa umelea muziki wa aina mbili unaozitaka spika zifanye kazi tofauti kabisa: isicathamiya, uimbaji wa makundi ya wanaume bila ala, na gqom, muziki wa dansi wa vitongoji kama Umlazi, KwaMashu na Clermont, uliojengwa juu ya ngoma nzito za kompyuta.

Tuanze na hilo la kukosa besi. Ndani ya spika hizi kuna utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, uliochajiwa kwa volti elfu kadhaa na kuwambwa kati ya bamba mbili zenye matundu. Umeme wa muziki ukibadilika kwenye bamba, utando huvutwa huku na kusukumwa kule. Kwa kawaida paneli haina sanduku, kwa hiyo sauti hutoka mbele na nyuma kwa nguvu sawa. Sauti inapokuwa nzito, mawimbi ya nyuma huzunguka ukingo wa paneli, hukutana na ya mbele, na yote hufutana. Hapo ndipo besi hupungua. Lakini kupungua si kukosekana: Quad ESL, aliyoibuni Peter Walker na iliyoingia sokoni Uingereza mwaka 1957, hushuka hadi mitetemo 45 hivi kwa sekunde.

Sasa weka rekodi ya Ladysmith Black Mambazo. Kundi la Joseph Shabalala lilipangwa kwa namna isiyo ya kawaida: kiongozi mmoja, alto mmoja, tenori mmoja, na besi saba. Ukisoma mpangilio huo kwenye karatasi utadhani sabufa haikwepeki. Hata hivyo mwanamume mwenye sauti nzito kwa kawaida hushuka hadi mitetemo 80, na wachache hugusa 65. Besi zote saba zinaishi juu ya pale Quad inapoishia. Tena paneli hutenda jambo ambalo masanduku mengi hayaliwezi: huzitenganisha koo saba, ukasikia pumzi ya kila mmoja. Anayeongeza sabufa hapa anaongeza mvumo wa chumba tu. Maskandi, muziki wa Kizulu wa gitaa, nayo ni hivyohivyo ikipigwa kwa gitaa moja, maana uzi mzito wa gitaa la kawaida hupiga mitetemo 82. Gitaa la besi hushuka hadi 41, lakini sehemu kubwa ya sauti yake tunaisikia kwenye 82 na kuendelea, kwa hiyo hasara ni ndogo kuliko hesabu inavyotisha.

Gqom, yenye ngoma zake nzito, ni habari nyingine. Mashabiki wa umemetuli husema: ongeza sauti, besi itakuja. Haitakuja. Kila sauti inaposhuka kwa oktava moja, spika ya sanduku lililofungwa lazima isogeze koni yake mara nne zaidi ili ukubwa wa sauti ubaki uleule. Paneli isiyo na sanduku, kwa sababu ya kule kufutana, hudaiwa mara nane. Utando una nafasi ndogo sana kati ya bamba zake. Ukiilazimisha Quad ya zamani, umeme huruka kwa cheche na kutoboa utando. Anayependa kazi za DJ Lag wa Clermont anahitaji sabufa, na kumwambia vinginevyo ni kumnyima nusu ya muziki wenyewe.

Husemwa pia kwamba msikilizaji wa sauti ndogo, tuseme anayeishi kwenye fleti za Berea hukohuko Durban mwenye majirani ukutani, haihitaji sabufa. Sikio linakataa. Tangu kazi ya watafiti Fletcher na Munson ya mwaka 1933 inajulikana kwamba muziki ukipunguzwa sauti, besi hutoweka masikioni kabla ya sauti za kati. Huyo ndiye anayeweza kufaidika na sabufa ndogo iliyofunguliwa kidogo tu.

Linabaki dai la pili, kwamba sabufa huziharibu spika hizi kwa kuwa nzito na ya polepole. Sabufa iliyokatwa kwenye mitetemo 50, yaani isiyopewa sauti za juu ya hapo, haidaiwi kwenda kasi kuliko hapo. Mdundo wa fimbo juu ya ngozi uko kwenye sauti za juu, na huo hutolewa na paneli. Kinachoitwa uchelewaji mara nyingi ni chumba. Chumba cha mita 5 huvuma kwenye mitetemo 34 hivi, na sabufa ya sanduku, inayomwaga sauti pande zote, huuchochea mvumo huo kuliko paneli isiyotoa sauti ubavuni. Kampuni ya Gradient ya Finland iliitengenezea ESL-63, modeli ya baadaye ya Quad, sabufa isiyo na sanduku kwa sababu hiyohiyo. Asiyeipata aikate sabufa yake chini, aihamishehamishe kabla ya kuchagua kona, na akiweza aweke mbili ndogo mahali tofauti badala ya moja kubwa.

Mwisho, unyevu. Wengine husema pwani ya Durban haizifai kabisa spika hizi. Hewa nyevu, chumvi na vumbi kweli huivujisha chaji. Paneli hufifia au kuanza kukwaruza. Ndiyo maana naomba kila mwenye spika kuukuu afanye jambo moja kabla ya kwenda dukani: azime spika moja, asikilize nyingine, kisha abadilishe, kwa wimbo uleule na kila spika ikiwekwa kwa zamu mahali palepale. Ikiwa moja ina besi na nyingine haina, fundi wa paneli ndiye anayehitajika, na fedha za sabufa zibaki mfukoni.