Steringi Aliyekubali Kuwa wa Pili

Jamani, mwezi huu yamenikuta. Mimi niko Handeni, mchumba wangu Korogwe. Nimepandishwa cheo, basi mwenzangu kanuna! "Kwa hiyo mimi ndo nikufuate wewe?"

Nikamuuliza, unamjua Rashidi Kawawa? "Si Simba wa Vita?" Huyohuyo. Ila kabla ya siasa alikuwa staa wa sinema! Mwanzoni mwa miaka ya 1950, enzi za Mwingereza, alikuwa steringi wa Muhogo Mchungu, filamu ya Kiswahili iliyotengenezwa hapahapa Tanganyika.

Sasa sikia. Januari 1962 Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, Kawawa akashika kiti. Desemba mwaka huohuo Nyerere akarudi akiwa Rais, Kawawa akawa Makamu wake. Akakaa naye bega kwa bega miaka na miaka. Nani leo anasema alishuka hadhi?

Mpenzi msomaji, nyumba si sinema ya steringi mmoja. Leo wewe, kesho mwenzio.

Jumamosi alishuka stendi ya Handeni na mfuko wa machungwa. Jibu hajanipa. Ila kaja.