Neno "feki" lilivyompeleka Simon Singh mahakamani, na kwa nini kesi yake bado ni moto

Akieleza fumbo la hesabu, mwandishi wa sayansi anapigiwa makofi. Akigusa biashara ya watu, anaitwa mahakamani. Simon Singh wa Uingereza ameyaona yote mawili.

Fizikia, TV, vitabu

Singh alizaliwa mwaka 1964 katika familia yenye asili ya Punjab, India. Alipata udaktari wa fizikia Chuo Kikuu cha Cambridge, akafanya utafiti CERN, na mwaka 1990 akajiunga na BBC.

Filamu yake ya 1996 kuhusu fumbo la Fermat, lililowatoa jasho wanahisabati zaidi ya miaka 300, ilishinda tuzo ya BAFTA. Kitabu kikafuata 1997, kisha cha historia ya maandishi ya siri 1999, na cha chanzo cha ulimwengu 2004. Hapo hakuna aliyekasirika.

Makala moja tu

Aprili 2008, mwaka aliotoa kitabu cha kupima tiba mbadala pamoja na Profesa Edzard Ernst, Singh aliandika makala katika gazeti la The Guardian. Aliwagusa matabibu wanaonyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Alisema chama chao, British Chiropractic Association, kinapigia debe tiba zisizo na ushahidi kwa watoto wenye chango na pumu. Tiba hizo aliziita kwa neno ambalo mtaani tungesema "feki".

Chama hakikulishtaki gazeti. Kilimshtaki yeye binafsi.

Mei 2009 jaji akaamua kwamba neno hilo linamaanisha chama kinadanganya kwa makusudi. Kwa hiyo Singh alitakiwa kuthibitisha yaliyomo vichwani mwa viongozi wa chama, jambo ambalo anasema hakuwahi kulidai. Alichodai ni kwamba ushahidi haupo.

Angeweza kuomba radhi yaishe. Akakata rufaa. Aprili 2010 majaji wa rufaa wakasema yale yalikuwa maoni, na wiki mbili baadaye chama kikaondoa kesi.

Sheria ikabadilika, lakini...

Kesi hiyo ilizipa nguvu kampeni zilizozaa sheria mpya ya kashfa ya mwaka 2013. Sasa mlalamikaji lazima aonyeshe kwamba jina lake limeumizwa vibaya, na makala za kitaalamu zilizopitiwa na wataalamu wengine zina kinga yake.

Ila makala ya Singh ilikuwa ya gazetini, si ya jarida la kitaalamu. Kinga hiyo isingemfikia. Angetegemea utetezi wa maoni ya kweli au maslahi ya umma, na huo unapiganiwa kortini, kwa pesa.

Mwaka 2023 Uingereza ilipitisha hatua za kuzima mapema kesi za kuwaziba watu midomo. Lakini zinahusu uhalifu wa kiuchumi tu. Anayehoji dawa au tiba hayumo.

Singh alikuwa na jina kubwa na mapato ya vitabu. Asiye na akiba, barua ya wakili pekee inatosha kumfanya afute alichoandika. Na anayeumia si mwandishi peke yake. Ni mzazi wa mtoto mwenye pumu, anayelipia tiba bila kujua kuna aliyetaka kumtahadharisha.