Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Acheze!

Enyi wanabendi wa Kitui na Makueni, hebu tegeni sikio. Mtu ameuza ndengu zake ili alipe kiingilio, nawe wamwekea muziki wa flashi huku ukifunguafungua mdomo tu! Hiyo si haki hata kidogo. Marehemu Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987, aliimba kwa Kikamba na Kiswahili, na benga yake ilisimama juu ya magitaa. Maneno yakiisha, gitaa ndilo humwinua mchezaji. Kwa hivyo, linganisheni nyuzi kabla watu hawajaingia, jaribuni vipaza sauti mapema, na vumbi likianza kupaa msikate wimbo. Heri nyimbo nane za jasho kuliko ishirini za flashi. Mcheza kwao hutunzwa, ndiyo. Lakini kwanza acheze!