Kigae, Udodi na Istilahi Zetu

Imekuwa desturi miongoni mwetu wanafunzi wa Kiswahili kulalamika kwamba lugha hii imepungukiwa na istilahi, kisha papo hapo tukaketi kuzibuni. Mimi naona tunakwenda kinyumenyume. Nitatoa mfano wa sanaa moja ndogo: kutengeneza mapambo kwa vipande vya chupa vilivyosuguliwa na bahari.

Chupa ikivunjika na vipande vyake vikaingia majini, mawimbi na mchanga huvisugua kwa miongo mingi hadi makali yaishe na mng'ao ugeuke ukungu. Kule Seaham, Uingereza, kiwanda cha chupa kilichofanya kazi tangu 1853 hadi 1921 kilitupa mabaki yake baharini, na hadi leo watu huyaokota ufuoni. Fundi hakitoboi kipande wala hakitii gundi. Hukizungushia waya mwembamba wa shaba au fedha, akaukaza kwa koleo, kisha akaukunja juu kitanzi cha kupitishia mkufu. Ustadi wote umo katika kukaza: waya ukilegea, kipande huchomoka, ukivutwa mno, hukatika.

Msomi akitakiwa kuieleza kazi hii ataanza na "kioo cha bahari", tafsiri sisisi isiyo na ladha, ilhali lugha inalo neno kigae, yaani kipande cha chombo kilichovunjika, kiwe cha udongo au cha chupa. Tena si neno la kamusini tu. Masonara wa Lamu wamekuwa wakipachika vigae vya vyombo vya kauri katika pete na vidani vya fedha. Na waya je? Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara ilibeba nguo, ushanga na masango, yaani nyaya nene za shaba zilizotumika katika biashara. Uzi mwembamba wa madini wa kufanyia mapambo uliitwa udodi. Basi "kigae cha chupa kilichozungushiwa udodi" ni maelezo kamili, na hakuna kamati iliyoketi.

Nitajibiwa kwamba maneno haya yamechakaa na kijana wa Nairobi hayajui. Ni kweli. Lakini je, tarakilishi aliijua? Sisi Wakenya tuliishikilia, wenzetu wa Tanzania wakajaribu ngamizi, na umma ukaendelea kusema kompyuta. Wala sisemi waya ifukuzwe. Imekwisha kuwa yetu. Nasema tu kwamba baina ya neno lililopata kutamkwa na mafundi na lile lisilopata kutoka nje ya ukumbi wa kongamano, la kwanza lina haki ya kuulizwa kwanza.

Linalonitia wasiwasi ni kwamba tasnifu zetu za istilahi huandikiwa maktabani. Wakati huohuo masonara wakongwe wanazidi kuzeeka, na vijana wanaopenda kazi hii hujifunza kwa Kiingereza katika intaneti. Kufua, kukunja, kusokota, kung'arisha: hayo tunayajua sote. Yale ya ndani zaidi, majina ya makoleo na ya mafundo, anayajua fundi. Vyama vyetu hupenda kuandaa ziara za pwani. Vingefanya vyema kumpa kila msafiri daftari na kumketisha siku nzima kando ya meza ya sonara. Gharama yake ni ile nauli tunayoilipa hata sasa.