Msituambie "Haupo" Kabla Hamjatuambia Mmetafuta Wapi

Naandika nikiwa na hasira kidogo, wasomaji mtanivumilia. Nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Mimi ni Mkongo, nimetoka Uvira nikiwa mtoto, nimekulia hapa Kakuma. Nimemaliza sekondari hapa hapa. Sasa nasaidia vijana kwenye chumba cha kompyuta: laptopu nane, mbili kati ya hizo zinakubali kuwaka pale zinapotaka zenyewe. Tunafundisha Python kidogo, kurasa za mtandao kidogo, na kutunza faili. Mwaka huu vijana wetu wameandika programu ndogo ya kuandikisha wanaotaka kuingia kwenye mafunzo. Nafasi ni 20. Wanaozitaka, wewe mwenyewe unaijua kambi, ni wengi kuliko hapo.

Basi alikuja ticha mmoja kutoka mjini na flashi mfukoni. Ndani ya flashi kulikuwa na programu moja ya kutafuta maneno ndani ya mafaili. Jina lake ripgrep, lakini ukiiita kwenye terminali unaandika herufi mbili tu: rg. Haihitaji bando, na kwa sisi hilo si jambo dogo. Faili moja tu unalinakili, kazi inaanza. Unaandika rg, unaacha nafasi, unaandika neno unalotafuta, na kabla hujanyanyua kidole majibu yamejaa: jina la faili, namba ya mstari, mstari wenyewe. Vijana walipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Kutafuta kwa namna hiyo si kitu kipya. Mwaka 1973 huko Bell Labs, Marekani, Ken Thompson aliandika programu iitwayo grep, na jina lake limetokana na amri ya programu ya zamani zaidi ya kuhariri maandishi, g/re/p, yaani pita kila mstari, ukiona kinachofanana na hiki, kitoe. Hii rg ni mjukuu wake. Andrew Gallant aliitoa mwaka 2016, na ina kasi kweli. Tena wewe unayetumia VS Code na hujawahi kugusa terminali, usijitoe kwenye mazungumzo haya: lile sanduku la kutafutia ukibonyeza Ctrl+Shift+F, ndani yake inayofanya kazi ni hiyo hiyo rg.

Ticha alitufundisha kasi siku mbili nzima. Akatoa vyeti, tukapiga picha, akaondoka.

Juma lililofuata ikawa siku ya kuthibitisha majina. Walioandika fomu wanakuja, mimi natafuta jina, likiwepo kijana anaweka sahihi, na 20 wa kwanza wanaingia. Jioni orodha ipelekwe ofisini. Wawili wa kwanza niliwapata mara moja. Wa tatu, kijana mwembamba wa Kakuma 2, mgeni, hana hata mwaka hapa. Naandika rg na jina lake. Kimya. Naandika tena. Kimya. Nikamwambia, "Haupo."

Akasema, "Yaya, niliandika fomu. Angalia tena."

Nikageuza kioo cha laptopu kumwelekea ili aone mwenyewe. Ona, kompyuta imesema. Kama kioo kile ni hati ya mahakama! Mwenyewe nimesimama laini ngapi nikiwa mtoto, nimemshika mama kitenge, tunaambiwa jina haliko kwenye sistimu, rudini Jumatatu. Nilijua ladha ya neno hilo. Na bado lilinitoka mdomoni laini kabisa, kama mtu anayesema habari ya asubuhi.

Siku ile nilirudisha vijana saba. Nafasi zikajaa, orodha ikaenda.

Kesho yake msichana mmoja wa darasa letu, asiyependa terminali, alifungua folda kwa mkono na kusoma faili kwa macho yake. Akaniita. Jina la yule kijana lilikuwa pale, mstari wa 14. Na wale wengine sita pia walikuwemo.

Kilichotokea ni hiki. Majina ya watu si kitu cha kurusha mtandaoni, kwa hiyo tulipoanza mradi tuliandika folda ya majina ya mwaka huu ndani ya faili liitwalo .gitignore, ili git isiibebe na kuipeleka nje. Tulifanya vizuri. Lakini rg, ikiwa hujaiambia vinginevyo, inasoma .gitignore na kuruka kila kilichoandikwa humo. Inaruka pia mafaili yaliyofichwa, na mafaili yasiyo maandishi ya kawaida. Wale wawili wa kwanza niliwapata kwa sababu majina yao yalikuwa pia kwenye orodha ya mwaka jana, ambayo mtu aliisahau nje ya ile folda. Maana yake waliofika kambini zamani walionekana. Wageni hawakuonekana. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, na ndiyo ilivyokuwa.

Dawa yake ni herufi moja: rg -u. Hapo haijali .gitignore. Ukiandika -uu inaingia na kwenye yaliyofichwa, -uuu hata yale yasiyo maandishi. Ukitaka kujua kwa nini faili fulani limerukwa, kuna --debug. Kwenye VS Code kuna kialama cha gurudumu kando ya sanduku la mafaili ya kuachwa. Ukikizima, inaacha kuruka.

Nikampigia ticha. Akacheka, akasema anajua, ndivyo programu ilivyo. Nikamuuliza mbona hukutuambia? Akasema, "Niliona mtachanganyikiwa."

Hapo ndipo naanza ugomvi wangu.

Nani amesema sisi tutachanganyikiwa? Kijana wa hapa anajua kadi ipi inaonyeshwa dirisha lipi, siku gani, kwa mwisho wa namba gani. Anaongea lugha nne. Herufi u ndiyo itamshinda? Mafunzo yanayoletwa kwetu mengi yamekatwa hivi: tunapewa mkono wa chombo, upande unaokata wanabaki nao kwa usalama wetu. Halafu tukikosea, ripoti inasema vijana wana uwezo mdogo.

Wengine wataniambia kosa lilikuwa langu, ningesoma maelezo. Kweli, kosa ni langu, sijalikana. Lakini maelezo yako kwa Kiingereza, na ticha alilipwa kutufundisha siku mbili. Sentensi moja ingetosha: "Ikinyamaza, msiamini bado." Wengine wananiambia, ah, siku hizi akili mnemba itakutafutia. Sawa, ninunulie bando. Na hiyo nayo, ikiniambia hakuna, nitaiuliza swali lile lile: umetafuta wapi?

Sasa narudi kwenye majina, maana .gitignore ni mlango mmoja tu. rg inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Ukitafuta bahati, BAHATI haji mpaka uweke -i. Faili la Excel au la Word limefungwa ndani kama furushi, kwa hiyo jina unaloliona vizuri ukilifungua, rg haitalisoma, hata kwa -uuu. Na majina yetu wenyewe! Sisi tumeandikwa na makarani wa lugha tatu, kila mmoja na sikio lake. Mtu mmoja ni Yusuf kwenye kadi, Yussuf kwenye cheti cha shule, Yousouf kwenye karatasi ya Kongo. Anayetafuta moja anawakosa wawili. Lakini ukiandika rg -i 'Yo?us+o?uf' unawapata wote watatu: alama ya kuuliza inasema herufi iliyotangulia inaweza kuwepo au kukosekana, na ile ya kujumlisha inasema moja au zaidi. Hili nimewafundisha vijana wa miaka 15 kwa saa moja, kwa chaki, umeme ukiwa umekatika. Hakuna aliyechanganyikiwa. Mmoja aliuliza kama baba yake angepata kadi mapema kama karani angejua hiyo. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa hiyo ninyi mnaokaa nyuma ya dirisha na mnasoma gazeti letu, na najua mnasoma, ombi langu halihitaji bajeti. Acheni neno "haupo". Semeni, "Sijakuona kwenye orodha hii, niliyoitafuta kwa jina hili, lililoandikwa hivi." Ni maneno mengi, najua, na laini ni ndefu. Lakini mtu akiambiwa hivyo anajua pa kushika: atasema jina langu wanaliandika na Y, atasema mimi nilifika mwezi wa tatu, angalia orodha nyingine. Akiambiwa haupo, anarudi nyumbani.

Kwenye chumba chetu tumeanza. Anayekaa mezani siku ya majina anaandika kwenye daftari amri nzima aliyotumia na folda aliyokuwa ndani yake, na kijana asiyeonekana anaonyeshwa daftari. Ofisi haikukubali kufungua orodha iliyokwisha kwenda, nilijaribu mara mbili. Wale saba nimewafuata bloku kwa bloku. Watano niliwakuta, wamekubali kusubiri zamu ijayo. Mmoja amehamia Kalobeyei. Yule mwembamba wa Kakuma 2 alinisikiliza mpaka mwisho, hakunitukana. Alisema atakuja, ila siku hiyo laptopu ataishika yeye, na jina lake atalitafuta mwenyewe.