Boti ya Machweo Kisumu: Salio Lilipwe Ukishavaa Jaketi

Wikendi ikikaribia, simu hujaa matangazo ya boti za machweo Kisumu: picha ya jua jekundu juu ya Ziwa Victoria, bei, na nambari ya kutuma pesa. Wengi huangalia bei kwanza. Kwa maoni yetu, bei iwe swali la mwisho.

Swali la kwanza ni jaketi za uokoaji. Ziko ngapi, na za watoto zipo? Boti ya watu kumi yenye jaketi saba ni boti ya watu saba, pamoja na nahodha. Jaketi lililo chini ya kiti halimsaidii aliyekwisha kuanguka majini. Uliza pia kama boti ina leseni na imekaguliwa.

Sasa tuje kwa malipo. Ukiambiwa "tuma yote saa hii, nafasi zinaisha", tulia. Lipa amana tu, tena kwa nambari ya till ya biashara, si nambari ya mtu binafsi. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea. Likiwa geni, sitisha kwanza, piga simu uulize. Salio lilipe ukiwa ufukoni, boti umeiona na jaketi umelivaa.

Kuna watakaosema huku ni kumsumbua mwenye boti, ambaye ana mafuta ya kununua na wateja wanaoagiza kisha hawatokei. Ni kweli, na ndiyo sababu ya amana. Amana inamlinda yeye, salio linakulinda wewe. Aliyelipa yote mapema hupata ugumu kukataa boti mbovu. Hujiambia "si nimeshalipa", akapanda na familia yake kitu ambacho macho yake yamekikataa.

Kuhusu saa, Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, hivyo mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja jioni, na giza huingia upesi. Ondokeni kufikia saa kumi na moja. Siku yenyewe, piga simu uulize hali ya upepo na magugu maji, kwa sababu upepo ukigeuka magugu huweza kuziba njia ya boti pale Dunga. Mawingu ya mvua yakikusanyika, ahirisha. Ndiyo maana, kabla ya kutoa amana, unafaa kuuliza kama tarehe inaweza kusongezwa, na jibu uletewe kwa meseji.

Beba sweta, chaji simu, na uiweke kwenye kifuko kisichopitisha maji. Usifute meseji ya malipo. Mwachie mtu wa nyumbani jina la boti na saa ya kurudi.

Boti ikikutia shaka, bora upoteze amana. Jua litazama kesho pia.