Barua ya Kumshitaki Mwalimu wa Kemia Sitatia Sahihi

Jumamosi iliyopita baada ya Laasiri tulikuwa tumekaa Marina Walk, pale petu pa kila wiki, mashua zapita mbele na kahawa mkononi. Akaja mama mmoja kakasirika kweli. Binti yake wa miaka 15 katolewa kwenye maabara ya kemia kwa kuwa kakataa kuvua abaya na kuzitia ncha za mtandio ndani ya koti. Kwenye kikundi cha WhatsApp wazazi wamekwisha andika barua ya kumshitaki mwalimu. Na mie nikaombwa nitie sahihi, maana nimefundisha kemia miaka 30 na ushei huko pwani ya Kenya. Nikakataa.

Mie mwenyewe navaa buibui na sitaliacha. Lakini abaya nyingi tunazonunua hapa ni za poliesta, nyepesi, mikono mipana. Kitambaa hicho kikipata moto huyeyuka kikagandia kwenye ngozi. Na jiko la Bunsen, tundu lake la hewa likiwa wazi, moto wake ni wa buluu hafifu. Katika chumba kilichojaa jua la Dubai unaweza usiuone kabisa. Binti ananyoosha mkono achukue chupa iliyo upande wa pili, ule mkono mpana unapita juu ya moto. Ndiyo basi tena.

Haya si ya kuhadithiwa. Mwaka 1989 msichana wangu wa kidato cha tatu aliinama kusoma kipimajoto, ushungi ukaning'inia, ukashika moto. Ule ushungi nilikuwa nimeuona tangu mwanzo wa kipindi. Sikusema neno, kwa sababu baba yake alikuwa mtu mkubwa pale mtaani na sikutaka maneno. Tulimzima kwa koti langu. Alipona, ila kovu la shingoni anatembea nalo hadi leo, naye sasa ana wajukuu. Tukikutana harusini hunibusu mkono, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Wako wanaosema hayo ni mambo ya shule zetu za zamani. Haya, twende Marekani. Tarehe 29 Desemba 2008, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Sheri Sangji, kijana wa miaka 23 aliyetoka Karachi, alikuwa akivuta kwa sindano kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa. Bomba la sindano likaachana, kemikali ikamwagika. Hakuvaa koti la maabara. Alivaa sweta ya nyuzi za kutengenezwa. Alifariki siku 18 baadaye. Koti la pamba la bei rahisi, wazazi wenzangu, pengine lingebadilisha mambo.

Sisi wenyewe tulifundishwa ovyo, tusijidanganye. Tulivuta asidi kwa pipeti mdomoni, na zebaki ya kipimajoto kilichovunjika tuliichezea viganjani kama gololi. Tulijiona hodari.

Kwa hiyo mwalimu yule simlaumu kwa kumtoa binti. Heshima ya mtoto haipungui akivaa nguo ya mikono mirefu iliyobana, koti la pamba juu yake, na ushungi wa pamba wa kuvuta uliotiwa ndani ya kola. Amesitirika vilevile. Kama shule haina mahali pa faragha pa wasichana kubadilisha nguo, hapo nitatia sahihi hata mara mbili, kwa sababu hiyo ni haki yao.

Na tukishakwenda shuleni, tuulize ya maana. Bomba la kuoshea macho linatoa maji, au ni pambo? Asidi ikiingia jichoni inatakiwa maji yapite si chini ya dakika 15. Nimeona mabomba yaliyokauka mwaka mzima. Blanketi la kuzimia moto liko wapi? Watoto wote wana miwani ya kinga, au wanapokezana? Haya hakuna aliyeyaandika kwenye ile barua.

Mama yule nilimtumia ujumbe usiku uleule, hajanijibu bado. Nimeshamshonea binti ushungi wa pamba, mweupe, pindo fupi. Jumamosi nitaupeleka pale kwenye kahawa.